Mwalimu Dardo na Moto Usioguswa

Tarehe 30 Juni 2023, saa kumi jioni, Mwalimu Dardo Techera atanikabidhi ufunguo wa karakana namba tatu, akiwa ameitumikia Shule ya Ufundi ya Arroyo Hondo kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Mimi ndiye mtunza stoo. Kila kifaa alichoazima kwangu amekirudisha, isipokuwa bisibisi moja ndogo ya mpini mwekundu, nami natangaza mbele ya wote kwamba nimemsamehe.

Aliajiriwa Machi 1990 kufundisha ushonaji wa matandiko ya farasi. Majira ya baridi ya mwaka huohuo alibisha hodi mwanaume mmoja aliyefiwa na mkewe, shati halina vifungo vitatu, akaulizia kama hapa tunashona. Mwalimu hakumshonea. Alimvutia kiti, akampa sindano. Wiki iliyofuata walikuja saba. Kwenye makaratasi likaitwa darasa la Stadi za Nyumbani kwa Watu Wazima, lakini mji mzima unalijua kama Darasa la Wanaume, na kuna waliolifuata kwa basi kutoka Montevideo.

Humo amewafundisha zaidi ya wanaume elfu moja kunoa kisu, kupiga pasi, kuziba bomba, kufunga tai, kupika supu ya mgonjwa na kuwasha moto mvua ikinyesha. Yeye hana habari na wanaume wa kutunisha kifua. Kwake mwanaume ni yule ambaye akiachwa peke yake wiki nzima, nyumba haijui kama imeachwa.

Na ukali anao, jamani! Bwana harusi mmoja alifumuliwa tai mara kumi na nne asubuhi ya ndoa yake, bibi harusi akisubiri nje kwenye gari anapiga honi. Inspekta wa polisi, jitu la miraba minne, lilitokwa na machozi hapa dirishani kwangu kwa sababu ya tundu moja la kifungo. Wote wawili humwamkia Mwalimu kwa kuvua kofia mpaka leo.

Sasa nifike kwenye moto. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi wafanyakazi tunachoma nyama uani. Kwetu aliyewasha moto ndiye mwenye moto. Wengine tunakaa, tunakunywa, tunamsifia, na nyama ikishuka tunampigia makofi. Kushika makaa ya mwenzako ni sawa na kumwingilia chumbani. Mwenye moto wetu, tangu 1990, ni Dardo.

Ijumaa moja ya Novemba 2003 aliingia jikoni mara moja kuchukua chumvi. Milton Sosa, mwalimu wa mabomba, rafiki yake wa kufa na kuzikana, akaokota kijiti akasogeza kaa moja. Kaa moja tu! Dardo akatokea mlangoni, akaona. Aliweka chumvi mezani, akavua aproni, akasema, "Ulichokianza, kimalizie," akaenda zake nyumbani na njaa.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Karakana zao zinatenganishwa na ukuta mmoja, na mimi nikageuzwa simu. "Nélida, mwambie jirani yako maji yake yanavujia kwangu." Jirani mwenyewe kasimama hapo, hatua mbili! Naye ananijibu, "Mwambie na yeye nyundo yake inaniumiza kichwa." Nilikuwa nageuza shingo huku na huku mpaka nikapata maumivu ya kweli.

Msidhani walichukiana. Milton alipovunjika mguu, nilitumwa hospitali na mashati sita yaliyopigwa pasi, nikaambiwa nisitaje mtu. Milton alipitisha kidole kwenye mkunjo wa mkono wa shati, akageukia ukutani. Na bomba la jikoni kwa Dardo lilipopasuka, alirudi kutoka kazini akakuta limepona lenyewe. Aliniuliza nani kafanya. Nikamwambia sijui, naye akajifanya kuamini. Majinga mawili makubwa!

Somo la mwisho la kozi yake siku zote ni kuomba msamaha. Simama wima, mtazame mtu machoni, taja kosa lako bila kulifunika, na neno "lakini" uliache nyumbani. Mwezi huu alilifundisha kwa mara ya mwisho. Dirisha la stoo linatazama darasani, na masikio ninayo. Olegario, dereva wa basi mwenye miaka hamsini na minane, akanyoosha mkono. "Samahani, Mwalimu. Wewe mwenyewe mara ya mwisho uliomba lini?"

Dardo alifuta ubao, ingawa ulikuwa mtupu. Akasema darasa limekwisha, dakika ishirini kabla ya wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akaja kwangu, akakaa juu ya kreti.

"Jirani yako Ijumaa atakuja?"

"Kamuulize mwenyewe," nikamwambia. "Simu imekata."

Niliogopa, nasema kweli. Niliona ataondoka, ufunguo atauacha, na ukuta ule utabaki hivyohivyo mpaka mmoja wao afe.

Ijumaa ya tarehe 23, maana mwezi huu nyama tuliiwahisha wiki moja kupisha makabidhiano, ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Mbavu zilikuwa kwenye wavu, Milton amekaa mwisho wa meza karibu na mlango, mahali pake pa siku zote. Dardo akauacha moto wake, akaenda mpaka pale, akavua kofia.

"Milton. Siku ile nyama ilikuwa inaungua upande wa kushoto. Wewe uliona, mimi sikuona. Nikakununia miaka yote hii. Nisamehe."

Glasi zilisimama hewani. Wote tulikuwa tunasubiri "lakini". Halikuja.

"Miaka ishirini, we mzee!" Milton akasema. "Je, ningekufa?"

"Ungezikwa na shati lililonyooka."

Milton alicheka mpaka akakohoa, na mimi nililia waziwazi, sina aibu nalo. Kisha Dardo akampa chuma cha kuchochea. Milton akaenda, akainama, akasogeza kaa moja, upande wa kushoto. Dardo alitia mikono mfukoni, akang'ata mdomo, akatazama angani. Tulipiga makofi kabla hata nyama haijashuka, na hatukujua tunampigia nani kati yao.

Mwalimu Dardo, kwa niaba ya wenzako wote, na ya kila shati lenye vifungo kamili katika mji huu, ahsante. Tunakuombea afya, usingizi mzuri wa mchana, na bomba lisilovuja. Ijumaa ya mwisho ya Julai uani kuna nyama, na kiti chako tumeshakiweka. Moto ni wa Milton. Njoo ukae, ule, upige makofi kama sisi, na mikono ibaki mfukoni.

Nélida Bentancor
Mtunza Stoo