Mwanzi Ulionyooshwa

“Nani alikutuma uunyooshe?” mjane wa fundi mianzi alimuuliza jirani yake, basi zima likisikia. Mwanzi wa kuvulia samaki ulikuwa umelala mapajani mwao. Nyuma yao fundi cherehani, aliyekwisha kupitiliza kituo chake kwa utamu wa ugomvi huu, alisogeza sikio.

“Shemeji, nilitaka kukufuta machozi. Niliukuta bandani umepinda kwenye pingili. Marehemu mwenyewe alinifundisha: uupashe kwenye makaa, uubane gotini, usiuachie mpaka upoe. Tazama, umenyooka kama mshale.”

“Naona. Ndio wa mwisho aliouweka motoni. Alifika kwenye pingili ile, akasema kifua kinambana, akaulaza chini. Pale palipopinda ndipo mkono wake ulipoishia, bwana. Kila asubuhi nilikuwa napapasa pale. Sasa nipapase wapi?”

Jirani akakosa pa kuweka macho. “Basi niupinde tena?”

“Huo utakuwa mpindo wako, si wake.”



Basi likasimama mbele ya nyumba ya mjane. Alishuka kwanza, jirani akafuata, ameushika mwanzi kwa mikono miwili kama mtoto wa kuazima, akaganda kando ya barabara. Fundi cherehani alifungua dirisha.

“Sijakusamehe,” mjane alisema, akitafuta ufunguo. “Lakini bado napika cha watu wawili. Ingia ule.”