'Mabokang, Aliyesugua Vyungu vya Misiba Yetu

Wapendwa mliofika kutoka karibu na mbali, mkajitanda mablanketi yenu katika baridi hii ya Julai, mimi ni Retšelisitsoe Mphutlane, mtoto wa Sello, mdogo wa mume wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu mkubwa 'Mabokang Mphutlane, ambaye jeneza lake liko mbele yenu. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa kuwa karatasi niliyoishika si ile ile iliyoandikwa kikaoni siku ya Alhamisi, imeongezwa ukurasa mmoja asubuhi hii, na aliyeuongeza ameketi miongoni mwenu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1955 katika kijiji cha Ha Rantaoleng, wilaya ya Berea, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Molefi Tšiu na mkewe, lakini wa kwanza kuishi, maana wawili waliomtangulia walizikwa kabla ya kutambaa, na kwa hofu hiyo wazazi wakampa jina la Moselantja, yaani mkia wa mbwa, ili kifo kikipita mlangoni kisione kitu cha kutamani. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia Januari 1963 hadi Desemba 1970, na mwaka 1971 alikaa kwa masista katika shule ya maarifa ya nyumbani, alikojifunza kuhifadhi matunda katika chupa za kioo, kukausha mboga, kuchachusha siki na kupika sabuni, na daftari lake la mwaka ule tumelikuta sandukuni, limeliwa na nondo pembeni, lakini ukurasa wa kumi na tisa unasomeka vizuri, na umeandikwa kwa herufi zilizosimama sawasawa kwamba chupa ni za matunda peke yake, maharagwe na mboga huanikwa juani.

Kuanzia Machi 1972 hadi Aprili 1976 alikuwa mpishi katika nyumba ya mapadri, na tarehe 24 Aprili 1976 akafunga ndoa takatifu na Mzee Moeketsi Mphutlane wa hapa Ha Mokhoabong, wilaya ya Leribe, aliyekuwa mchimbaji katika migodi ya dhahabu ng'ambo ya mto, na siku aliyoingia ukweni akavikwa blanketi na kupewa jina la 'Mabokang, mama wa Bokang, kabla Bokang mwenyewe hajawa hata mimba, kama ada yetu ilivyo. Bokang akaja tarehe 2 Juni 1978, naye Nyakallo akamfuata tarehe 19 Oktoba 1983, na wote wawili wako hapa, wamevaa nyeusi.

Mwaka wake aliupima kwa kazi za mikono yake, Februari na Machi mapichi yalipoiva yale mazima yaliingia chupani kwa maji ya sukari, yaliyopondeka yakakatwa vipande na kuanikwa juu ya bati, na maganda yakalowekwa mtungini hadi yakawa siki ya kung'arishia vioo na kutolea kutu, Aprili na Mei alikausha mboga za majani na maboga kabla jalidi haijaziunguza, Juni alipochinjwa kondoo aliyachemsha mafuta ya mkia pamoja na maji ya majivu ya mabua, akapata sabuni ya kahawia iliyotoa hata doa la damu, na Septemba upepo ulipolainika alisiriba sakafu na kuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, akichora kwa vidole mistari iliyofuatana kama shamba lililolimwa. Katika kazi hizo zote mwenzake alikuwa mama yangu mzazi, 'Malineo, aliyeolewa na baba yangu mwaka 1990 akiwa msichana asiyejua kuchemsha hata maji, kama alivyopenda kusema mwenyewe, na chupa zao walizitofautisha kwa uzi wa sufu shingoni, wa marehemu wa kahawia, wa mama yangu wa kijani.

Walitaniana mno, na waliokuwapo wanakumbuka, mama yangu akisema, "Dada, maharagwe yako haya ya kuanika, mtu akila kwako anatafuna kamba ya kiatu," naye marehemu akimjibu, "Tafuna taratibu, 'Malineo, meno bado ni yako." Mwezi wa Februari 1999 mama yangu aliona dukani mjini maharagwe mabichi ya maganda yaliyofungwa chupani, yakiwa ya kijani kama yamechumwa jana, akatamani ya kwake yakae vivyo hivyo rafuni, na marehemu akamwambia, "Mwalimu wetu alisema matunda tu," mama yangu akacheka, akasema, "Mwalimu wako alishakuwa bibi kizee mwaka wa sabini na moja, dada, chupa ni chupa na moto ni moto," kisha akayafunga maharagwe yake kama alivyofunga mapichi, chupa saba, kila moja na uzi wake wa kijani.

Jumanne tarehe 13 Julai 1999 mama yangu alikwenda mjini, akamwacha dada yangu Lineo, aliyekuwa na miaka minane, kwa mama mkubwa, na marehemu alipokuwa kisimani akifua mablanketi, mtoto akasikia njaa, akaenda kwao, akatoa rafuni chupa moja ya maharagwe, akaileta kwa mama mkubwa, akaila baridi na ugali uliobaki, bila kuipasha moto. Kesho yake jioni alimtazama marehemu, akacheka, akasema, "Mama mkubwa, leo mko wawili, yupi atanisuka?" na wote waliokuwapo wakacheka pamoja naye, lakini Alhamisi kope zilimwanguka, sauti ikakwama, maji aliyonyweshwa yakarudi puani, akapelekwa hospitali, na Jumamosi tarehe 17 Julai, saa nne asubuhi, kifua chake kikakosa nguvu ya kuvuta pumzi.

Muuguzi aliyekuwa zamu, akiwa ameagiza kiletwe kila alichokula mtoto, alisimama ukumbini na ile chupa nusu mkononi, akawaeleza kwamba ukali wa matunda huizuia sumu ya namna ile, maharagwe hayana ukali huo, na sumu yenyewe haina harufu wala ladha, kisha akauliza, bila kumlaumu mtu, "Chupa hii ni ya nani?" Mama yangu aliuona uzi wa kijani, akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka marehemu akasogea mbele yake, akasema, "Ni yangu. Niliifunga mimi, Februari, na imekutwa mezani kwangu." Ndugu zangu, hayo mliyajua kwa miaka ishirini na sita, kwamba 'Mabokang alimlisha sumu mtoto wa shemeji yake, na ndiyo yaliyoandikwa kikaoni Alhamisi hii, kwa maneno ya kupoza. Ukurasa ulioongezwa leo unasema kwamba chupa ile ilikuwa ya mama yangu, 'Malineo, na kwamba mama yangu alijua tangu pale ukumbini, akanyamaza siku ile, akanyamaza makaburini, na akaendelea kunyamaza hadi asubuhi hii.

Hakuna aliyeingia jikoni kwa marehemu kutazama, na angetazama angeona rafu nzima ya mapichi yenye uzi wa kahawia na hata chupa moja ya maharagwe asingeiona. Kwenye mazishi ya Lineo, marehemu alipoinama kuchukua upawa, Mama 'Maseabata, aliyekuwa msimamizi wa wapishi, alimwambia mbele ya watu, "Wewe kaa huko kwenye maji, mikono yako tumeijua," naye akaenda, akakaa kwenye maji, na kutoka siku ile hakuna msiba katika kijiji hiki aliowahi kuupikia, wala hakuna msiba aliokosa, akisugua vile vyungu vya chuma vya miguu mitatu kwa majivu na mchanga wa mtoni, akitoa kutu kwa siki yake ya mapichi, akivikausha juani na kuvipaka mafuta, vikarudi kwa wenyewe visafi kuliko vilivyotoka, na wenyewe wakavipokea bila kumwalika ndani. Watoto walimwita Mama Chupa, nami nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa miaka miwili baada ya Lineo kuzikwa, nikapewa jina linalosema kwamba tumefarijiwa, nikakua nikipita chini ya bati lake lililoanikwa mapichi, nikiwa nimekatazwa kuonja, na sikuonja.

Marehemu alivyolipia ukimya ule si siri kwenu, mnamo Agosti 2006 alimzika Mzee Moeketsi, aliyerudi kutoka migodini na vumbi kifuani, na walioshika jembe siku ile hawakunywa chai yake, mwaka 2008 waliokuja kumposa Nyakallo waliuliza habari za chupa, wakarudi na mablanketi yao, na Bokang alihamia Bloemfontein, ng'ambo ya mto, akawa anakuja Krismasi moja na kuruka mbili. Marehemu aliendelea kuanika, kuchachusha na kusiriba, kwa nyumba ya mtu mmoja.

Alianza kuvimba miguu mwezi wa Novemba 2024, madaktari wakagundua kuwa moyo umechoka, akalazwa tarehe 5 Juni mwaka huu, na tarehe 21 Juni mama yangu akaenda peke yake kumtazama, akavuta kiti, akamwambia, "Dada, sasa nitawaambia watu." Yaliyosemwa baada ya hapo mama yangu ameyarudia leo mara mbili ili niyaandike bila kosa, marehemu alimjibu, "Utawaambia, halafu Lineo ataamka?" akatafuta pumzi, akaendelea, "Wewe unaitwa 'Malineo. Anayekuuzia chumvi anamtaja, anayekusalimu njiani anamtaja, mpaka wewe ufe. Mtu anawezaje kuitwa hivyo kutwa, na kila anayemwita anajua ni yeye aliyemlisha? Mimi naitwa kwa jina la Bokang, na Bokang yu hai, nikaona mimi naweza." Mama yangu akalia, akamwuliza afanye nini, marehemu akasema, "Kama lazima useme, ngoja nife. Sitaki kuwaona wakikunyang'anya upawa." Na mama yangu, Mungu amhurumie, akangoja.

Marehemu aliaga dunia Jumatano tarehe 9 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka sitini na tisa, miezi kumi na siku ishirini na tano. Leo saa kumi na mbili asubuhi mama yangu aliniita nyuma ya jiko, mikono yake ikiwa na maganda ya maboga, akasema, "Mwanangu, mimi sauti haitatoka. Soma wewe, na ukifika kwenye jina langu usilimeze." Bokang na Nyakallo waliisikia habari hii saa moja, kabla yenu, wakiwa wamesimama kando ya jeneza, Nyakallo alikwenda kushika mkono wa mama yangu na kisha akauachia, na Bokang aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akanirudishia, akasema, "Soma. Usiruke neno." Sijui kama huko ni kusamehe, sikuagizwa kuwaambia kwamba ni kusamehe.

Marehemu ameacha watoto wawili na mjukuu mmoja, na ameacha pia chupa thelathini na nne za mapichi ya Februari mwaka huu, alizozifunga akiwa tayari amevimba miguu, na familia imeamua zifunguliwe leo baada ya kutoka makaburini, zitakuwa mezani, kila mtu ajue mwenyewe kama atakula.

Kwa niaba ya ukoo wa Mphutlane nawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza kwa siku thelathini na nne, na zaidi yule wa zamu ya mchana aliyemchana nywele kila asubuhi bila kuombwa. Tunamshukuru padri na kwaya, tunawashukuru vijana waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda, tunawashukuru akina mama walio jikoni sasa hivi, pamoja na Mama 'Maseabata, ambaye najua ananisikia kutoka hapo alipo, na ambaye kama sisi sote aliamini alichoambiwa. Katika majirani ninao uwezo wa kumtaja mmoja tu, Mzee Phakoe, aliyekunywa chai kwa marehemu kila Jumapili tangu mwaka 2003, na alipoonywa na watu akawajibu, "Mimi nina miaka sitini, kila kitu kinaniuma, hiyo sumu itapata wapi pa kukaa?" Mzee, leo una miaka themanini na miwili, tunakushukuru kwa vikombe vyote vile. Wengine tuliobaki, nikiwa wa kwanza, hatuna cha kushukuriwa, na familia haikuniagiza kuwatoza kitu, imeniagiza kusoma tu, nami nimesoma.

Mama mkubwa, mikono yako imeshakauka maji. Pumzika sasa kwa amani, ile uliyomtafutia mama yangu, nasi tukakunyima wewe.