Phineas Were, Fundi Aliyekataa Kuongeza Spidi

Ndugu waombolezaji, naomba radhi sasa hivi, kabla sijaharibu, kwa sababu familia ilikuwa na watu watatu wenye sauti nzuri na akili timamu wa kusoma historia hii, wote wakashikwa na mafua kwa pamoja, ndipo karatasi ikaangukia kwangu mimi Lazarus, mdogo wake marehemu, ambaye wengi wenu mnanijua kwa kuvunja watu mbavu kwenye maharusi na mikutano ya wazazi, kwa hiyo nikicheka mahali pa kulia, au nikilia mahali nilipopanga kuwachekesha, mnivumilie, hii ndiyo sauti iliyobaki.

Marehemu Phineas Were alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1968, hapa hapa Khwisero, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Zakaria na marehemu Mama Alice, na mama yetu alituambianga kwamba mkunga alimtarajia wiki mbili kabla, akamkanda mama, akamnywesha dawa chungu, akamfokea, mtoto akakataa kabisa, akatoka siku aliyoona yeye inafaa, na hiyo ndiyo mara ya mwisho mtu kumharakisha Phineas bila kujibiwa kwa maneno.

Alianza masomo ya msingi mwaka wa 1975 akayamaliza 1981, na ni huko, kwenye gwaride la asubuhi, alikoona jambo lililomfaa maishani kuliko hesabu zote za ubaoni, kwamba mstari wa watoto ukikata kona, aliye upande wa ndani anageuka papo hapo kama mlango, lakini aliye mwisho upande wa nje anakimbia mpaka ulimi unatoka, ingawa amri ni moja na ngoma ni moja, na najua alitazama kwa makini kwa sababu yule wa nje, aliyerushwa na kona mpaka ndani ya ua wa miiba, nilikuwa mimi. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1985, na kuanzia 1987 hadi 1989 akasomea useremala chuoni Sigalagala, ambako alishika rauta kwa mara ya kwanza, ile mashine ya umeme inayozungusha kisu kuchonga kingo na nakshi za mbao, akaipenda na akaiogopa kwa kipimo kimoja.

Mwaka wa 1990 aliajiriwa katika karakana moja mjini Kakamega, ambayo ilishafungwa na sina haja ya kuifukua, mwenye karakana akamletea kisu kipana kuliko mdomo wa kikombe cha chai, akamwambia akifunge kwenye rauta ya kushika mkononi, isiyo na swichi ya kupunguza mwendo, yenye spidi moja tu, ile ya juu, Phineas akakirudisha kisu mezani taratibu na kusema, "Hapana, bosi," yule bwana akamuuliza, "Hapana ya nini?" naye akajibu, "Hapana ya mikono yangu, nilikuja nayo miwili," na kabla ya chakula cha mchana alikuwa hana kazi. Ndiyo, alifutwa, na familia haioni haya kulisoma hilo mbele za watu, tunalisoma kwa sauti kubwa.

Mwaka wa 1994 alimwoa Mildred, tarehe 10 Desemba, ndoa ya kanisani, wakajaliwa watoto wawili, Tracy aliyezaliwa 1997 na Wesley aliyezaliwa 2001, na mwaka wa 1996 alikuwa amefungua karakana yake mwenyewe pale Lurambi, ile yenye meza ya rauta katikati na swichi ya spidi iliyopakwa rangi nyekundu, ambayo mtu yeyote aliyeigusa bila ruhusa, awe mteja, awe shemeji, awe mtumishi wa Mungu, alitoka nje.

Sasa wenye ratiba wasinivute koti, kwa sababu hapa ndipo penye mzozo. Mnajua sisi watu wa huku tunampimanga fundi kwa masikio, tunasimama barabarani, mashine ikipiga mayowe tunasema pale kuna kazi, ikinguruma chini chini tunasema umeme ni mdogo, au fundi analala, na marehemu akifunga kisu kipana alipunguza mwendo mpaka mashine ikanguruma kama mzee aliyeshiba, basi wateja wakapita, wakaenda kwa wenye mayowe, wakarudi na milango iliyoungua kingo zikawa nyeusi, wakatuambia eti huo weusi ni urembo. Yeye aliwaeleza kila siku, bila kuchoka, kwamba kisu chembamba kama penseli unaweza kukipa mizunguko elfu ishirini na nne kwa dakika na kisilalamike, lakini kisu kipana, ncha yake iko mbali na katikati, ni yule mtoto wa nje kwenye gwaride, kwa mzunguko ule ule anakimbia safari ndefu zaidi, kwa hiyo chenye upana wa mdomo wa kikombe kipe elfu kumi na mbili, kinachouzidi mdomo huo kipe elfu kumi au chini yake, usizidishe kamwe spidi aliyoandika mtengenezaji wa kisu, ukifunge kwenye meza, ukate mbao kidogo kidogo, la sivyo utachoma ubao, au kisu kitavunjika na kipande kitatoka kikitafuta mtu, na hakitachagua.

Ndipo ikaja milango ya kanisa letu, mwaka wa 2014, milango miwili ya mvule, askofu anakuja Jumapili, na siku ya Alhamisi mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Mzee Sifuna, aliyeketi pale mstari wa mbele na ambaye amenipa ruhusa, aliingia karakana akasikia mngurumo ule, akasema, "Were, hii mashine yako inasinzianga? Ongeza!" marehemu akasema, "Mzee, kisu ni kikubwa," Sifuna akasema, "Na askofu ni mkubwa zaidi," akanyoosha mkono kwenye swichi nyekundu, Phineas akachomoa waya ukutani, akaukunja mkononi kama mtu anayekusanya kamba ya ng'ombe, Sifuna akapandisha sauti mpaka watu wakatoka dukani, "Mwoga wewe! Mashine ya wanaume inalia, yako inabembeleza mtoto!" naye akajibu, "Mzee wangu, mlango ukichelewa utakuja kesho, kidole kikienda hakijui njia ya kurudi," akaketi akaitisha chai. Askofu aliingia kanisani kupitia mapazia ya Mama Tracy yaliyotundikwa mlangoni, ingokho mmoja, kuku asiyealikwa, akampita miguuni, akasikiliza mahubiri mpaka mwisho kuliko baadhi yenu, milango ikapachikwa wiki iliyofuata, na leo mmeingia kupitia hiyo hiyo, msimu wa mvua huu, haijavimba, haijakwama, lakini jina la Mwoga lilimganda marehemu kwa miaka kumi na moja, na mbaya zaidi limeanza kumshika mtoto.

Maana tumesikia matangani, tena si kwa kunong'onezwa, kwamba sasa mzee amekwenda karakana itapata spidi, kwamba Tracy, aliyefanya kazi na baba yake tangu 2018, ni mwoga mtoto wa mwoga, kwamba apewe binamu fulani mwenye kifua. Familia inajibu hivi. Tulipoambiwa ni desturi kumvisha marehemu glavu nyeupe, tulikataa, tukailaza mikono yake juu ya shuka, seremala miaka thelathini na mitano, mtakapopita kumuaga hesabuni vidole, ni kumi, vyote na kucha zake, kisha fundi yeyote mwenye kifua aje aweke vyake hapo kando tulinganishe. Karakana itafunguliwa Jumanne, mwenye karakana ni Tracy, na swichi ile itakaa pale alipoiacha baba yake.

Marehemu alianza kuugua mwaka wa 2022, shinikizo la damu, kisha figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na siku ya kwanza tu, akiwa amefungwa mipira, alimuuliza muuguzi, "Sista, hiyo mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika?" yule dada akasema, "Mzee, hii si ya mbao," naye akasema, "Najua, ndiyo maana nauliza," na tukimwambia aombe iongezwe arudi nyumbani mapema, alitutazama kwa namna ambayo Mzee Sifuna anaijua. Alifariki asubuhi ya Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mildred.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia na kumjibu maswali yake, majirani wa Lurambi na wa hapa Khwisero waliokata kuni, waliobeba maji na waliosonga obusuma tangu msiba uingie, mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo, mayowe yao yakanyamaza kwa heshima, na Mzee Sifuna, ambaye jana alikwenda kwa Tracy mwenyewe, bila kuitwa, akaagiza madirisha na kusema, "Mama, chukua muda wako."

Kaka, pumzika kwa amani, hakuna atakayekuharakisha huko.

Jeneza hili amelitengeneza Tracy kwa mikono yake, kisu kipana, elfu kumi, kidogo kidogo, na mkiona ile kona nyeusi ya kifuniko, upande wa kichwani, msimlaumu yeye, wala msiseme ni urembo, jana alitoka nje mara moja kupokea vishikio, gari la maiti lilikuwa limeshapiga honi, na aliyebaki peke yake na swichi nyekundu nilikuwa mimi.