Barnaba Nandonde na Picha ya Mkwewe

Ndugu na majirani mliotoka Chiwata, na ninyi mlioshuka kutoka Newala, huyu tunayemsindikiza leo ni Barnaba Nandonde, aliyezaliwa Chiwata mwaka 1904, mtoto wa tatu wa Mama Magdalena. Mjomba wake alilalamika kwamba mtoto huyu anawakodolea watu macho. Kumbe ndiyo riziki yake.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Chiwata hadi mwaka 1919. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mwandiko wake ulisifiwa na kila mtu.

Mwaka 1926 alikwenda Lindi kujifunza upigaji picha kwa fundi mmoja wa Kigoa. Alirudi Masasi mwaka 1933 na kamera ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa. Kila Jumamosi alipanda Newala, baiskeli akiisukuma mlimani. Kwa kuwa maji ya Newala yanafuatwa bondeni, picha alizisafisha Masasi na kuzipeleka wiki iliyofuata. Hakupenda kumpiga mtu picha akiwa peke yake. "Wewe umeota kama uyoga?" alimwuliza kijana mmoja. "Kamwite mama yako, na mjomba wako aje akae kwenye kiti." Koo zilizogombana alizipanga bega kwa bega, akawaambia wasitikisike mpaka hasira iwaishe.

Tarehe 3 Oktoba 1936 alifunga ndoa Newala na Yuliana, na hapo ndipo kazi ilipomgomea. Mama yake Yuliana, Bibi Bimdogo, alikuwa mkwe, na mkwe hatazamwi usoni. Kwa miaka ishirini na moja Barnaba aliwapiga picha nusu ya watu wa Newala, lakini akimwona Bibi njiani aliingia kwenye mihogo.

Mwaka 1957 binti yao Scholastika alijifungua Severina. Bibi, ambaye nguvu zilikuwa zinamwishia, alituma neno kwamba anataka picha akiwa amempakata kitukuu chake kabla hajaondoka duniani. Barnaba akaona kitambaa cheusi kitamsitiri. Alijifunika, Bibi akaketi, mara akauliza, "Yuliana, hebu mwulize mumeo, humo ndani ananiona?"

Barnaba hakujua kusema uongo. "Mwambie Mama namwona, ila miguu juu, kichwa chini."

Watu waliangua kicheko, maana kioo cha kamera ile hupindua kila kitu. Bibi alikaza kanga yake, akaingia ndani.

Barnaba aliona haya, na aliogopa sana kwamba Bibi angezikwa bila wajukuu kuachiwa sura yake. Kwa miezi miwili alimfundisha Yuliana kupima mwanga na kushika pumzi. Picha moja ilitoka na mbuzi tu. Hatimaye, tarehe 21 Desemba 1957, Yuliana aliingia chini ya kitambaa. Bibi alimpakata Severina, akimwita mke mwenzangu, Scholastika akiwa kando yake. Kisha akasema, "Na mkwe wangu je? Aje asimame nyuma yangu. Huko hauoni uso."

Hiyo ndiyo picha pekee ya Barnaba. Amesimama nyuma, anacheka, macho ameyapeleka pembeni. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na picha hiyo imetundikwa katika nyumba kumi na moja, Masasi na Newala.

Kifua kilianza kumsumbua Barnaba Machi mwaka huu. Hata kitandani aliwapanga waliokuja kumjulia hali, wafupi mbele. Alifariki nyumbani kwake Masasi, Jumapili tarehe 14 Agosti 1960, Yuliana akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Yuliana, anayeendelea na kazi ile. Watoto wanne, Scholastika, Gervas, Marko na Josephina. Mpwa wake Yohana. Na wajukuu watano.

Mungu ampumzishe kwa amani. Na kama huko wakwe wanaruhusiwa kutazamana, amtazame Bibi Bimdogo mpaka ashibe.