Naibu Kiranja Aliyebisha Hodi Mara Tatu

Hebu mwone akiingia kanisani hapa Abu Hamour, Doha, siku ya Ijumaa. Amechelewa kidogo, sare ya hoteli bado mwilini chini ya leso, na anasalimia safu nzima kabla hajakaa. Kwaya ilishazoea kumsubiri. Huyo ndiye Mheshimiwa Edith Nafula, tunayemuaga leo kabla hajasafirishwa nyumbani.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 kando ya barabara ya Sirandafu, chini ya Mlima Elgon, mama yake akikimbizwa hospitali kwa baiskeli. Hospitali ilikuwa mbali, kilomita kumi na nane, na mtoto hakuwa na subira hiyo! Tangu alipopata akili, Edith alitaka jambo moja: Sirandafu ipate wodi ya kujifungulia.

Alisoma Shule ya Msingi Sirandafu, akaishia kidato cha pili mwaka 1992. Yaliyobaki alijisomea mwenyewe, gazeti kwa gazeti.

Mwaka 1998 aliolewa na Mwalimu Harun Simiyu, ambaye mpaka leo anasema yeye ndiye aliyeposwa. Mungu akawajalia Carolyne na Eugene.

Alifika Doha mwaka 2006, akaishi mtaa wa Muaither na kutandika vitanda katika hoteli moja ya West Bay kwa miaka kumi. Kule alifundishwa kwamba mlango haufunguliwi mpaka ubishe mara tatu na ujitaje kuwa hausikiping, yaani msafishaji wa vyumba. Alirudi nyumbani, na mwaka 2017 akachaguliwa mwakilishi wa wadi ya Sirandafu. Katika bunge la kaunti aliketi kwenye Kamati ya Afya, na mwaka 2018 akawa Naibu Kiranja wa Walio Wengi, kazi yake kuwakusanya wajumbe wa chama waingie kupiga kura.

Sasa sikilizeni. Tarehe 19 Juni 2019 hoja ya wodi ilifika mezani. Mkubwa mmoja wa chama akampigia simu: “Edith, watu wako wabaki nje. Akidi isipotimia, hoja itajifia yenyewe.”

“Nimekusikia, mkubwa,” akajibu. Kusikia, ndugu zangu, si kukubali.

Akavuka barabara hadi kwenye hoteli ya nyama choma, walikojifungia wajumbe saba. Akabisha mara tatu.

“Hausikiping! Waheshimiwa, nisafishe sasa au nirudi baadaye?”

Kicheko kikawatoka. Mheshimiwa Dominiko akalalamika, “Wee mama, huu mguu hata hatujaugusa!”

“Ubebe. Lakini ujue mbuzi hahesabiwi kwenye akidi.”

Wakaingia bungeni, Dominiko wa mwisho, mfuko wa koti ukinukia. Akidi ikatimia kwa mtu mmoja, yeye huyo. Hoja ikapita. Kesho yake Edith akavuliwa unaibu kiranja. Harun alipompa pole, alicheka: “Baba Carolyne, mimi kuvua sare nimezoea.”

Wodi ilifunguliwa Februari 2021. Akina mama walitaka kuiita kwa jina lake, akakataa: “Iiteni wodi, ili mgonjwa asipotee.” Mwaka 2022 alishindwa uchaguzi kwa kura sitini na moja. Alimpongeza mshindi, na mwaka uliofuata akarejea Doha, safari hii akiwa msimamizi wa wasafishaji.

Figo zilianza kumsumbua Julai 2025. Rafiki yake Millicent, waliyeishi naye chumba kimoja, alimsindikiza kila kliniki, na wauguzi walipata hadithi nyingi kuliko dawa walizompa. Alilala katika Bwana asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2025, hapa Doha, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Ameacha mume wake Harun, watoto Carolyne na Eugene, mjukuu mmoja, mama yake mzazi, na watoto mia nne na kumi na wawili waliozaliwa kitandani pale Sirandafu. Mungu amlaze mahali pema, naye apumzike, maana alifanya kazi.

Ila wodi ile bado hufungwa saa kumi na mbili jioni. Hoja yake ya wauguzi wa usiku haikuwahi kusomwa, na mwaka 2027 masanduku ya kura yatafunguliwa tena. Enyi mnaotandika vitanda na kulinda milango ya watu hapa Doha, ni nani kati yenu atakayerudi kuisoma?