Bonge la Masuku

Kijiwe chetu cha Majengo ni benchi moja refu nyuma ya duka la vipuri vya baiskeli. Mwezi wa sita ni baridi, hapagombaniwi kivuli, yanagombaniwa makaa ya Zulfa, muuza kahawa. Asubuhi hiyo Mzee Otto alitokea amekumbatia mfuko wa masuku, yale matunda ya porini. Masuku, jamani, mwezi wa sita! Yaliiva na mvua za mwaka mpya, na kwa kuwa bintiye Hilda hapati likizo msimu huo, Otto akayatia kwenye friza yote kwa pamoja amtunzie. Sasa Hilda alikuwa njiani kutoka Musoma na mimba ya kwanza, hataki wali, hataki nyama, anataka masuku tu. Na masuku yenyewe yalikuwa yamegandamana, bonge moja jeusi.

— Nisaidieni, — akasema Otto. — Haya yameharibika au bado mazima? Nisije nikamlisha mwanangu sumu.

— Bila shaka yameharibika, — akajibu Kajetani. Huyo tunamwita Bila Shaka, maana hana shaka na chochote, hata asichokijua.

— Umewahi kugandisha matunda, Kajetani? — Otto akamuuliza.

— Sijawahi. Lakini embe ni tunda la uani, limezoea watu. Suku ni la porini. Ukilifungia ndani linanuna.

Valence, fundi redio, tunayemwita Waya, akatikisa kichwa.

— Halijanuna. Limeingia umeme. Tangu Januari liko kwenye friza, si limejaa chaji hilo? Ukilila, siku nzima usishike simu.

— Na mjamzito akila? — Otto akauliza.

— Mtoto atazaliwa anawaka. Mtaokoa hela ya taa.

Otto hakucheka. Mzee wa watu alikuwa anaogopa kweli.

— Acheni kumtisha, — Zulfa akadakia. — Tunda limelala tu. Kosa lako, Mzee Otto, umeyalaza kitanda kimoja. Ungeyatandaza kwenye sinia, kila moja ligande peke yake, ndipo uyatie mfukoni. Leo ungetoa mawili ukaonja, mengine ukayaacha yalale. Lete hapa tuyaamshe.

Akaliweka bonge kando ya jiko. Kahawa raundi ya pili haijaisha, masuku yakaanza kuachana, yanatoa maji.

— Sasa hayarudi kwenye friza, — Zulfa akasema. — Ukimlaza tena mtu aliyekwisha kuamka anaamka na kichwa kibaya.

Kajetani akachukua moja, akalipasua, akalifyonza, akatema mbegu.

— Vipi? — Otto akauliza.

— Hili tamu. La pembeni yake sijui.

— Kwani si ya mti mmoja?

— Mzee Otto, wewe na kaka yako si wa tumbo moja? Mbona yeye mlevi?

Hapo Otto akaingia mtegoni. Akawaza, akatuzungushia mfuko.

— Basi jaribuni. Bora mfe nyinyi kuliko Hilda.

Tukajaribu. Tulijaribu kwa moyo wote. Na mimi sikutaka kuonekana nimemtupa mzee kwenye shida yake. Yalikuwa laini kupita kawaida, baridi yake inapenya kwenye meno, utamu uleule wa porini. Waya akawa anayapima kwa sikio kwanza, eti lenye chaji linavuma.

— Haba na haba hujaza kibaba, — akasema, akachukua jingine.

— Mgeni njoo mwenyeji apone, — akaitikia Kajetani. — Si ndiyo hii? Mgeni bado hajafika na sisi tunapona.

— Hata mimi nionje, — Otto akasema mwishowe, — ili moyo utulie.

Akaonja. Moyo ukakataa kutulia, akaonja tena, na uso ukamchanua kwa furaha. Friza yake imeweza. Hilda atakula.

Bajaji ikasimama mbele ya duka. Akashuka mwanamke, tumbo limetangulia, begi begani. Basi lilikuwa limewahi.

— Shikamooni, — akasema Hilda.

— Marahaba, — akaitikia Zulfa.

— Baba, nimeshindwa kukungoja nyumbani. Masuku yangu yako wapi?

Kajetani akainama kufunga kamba za viatu. Waya akaufunika mfuko mtupu kwa kofia. Otto alikuwa na la mwisho mdomoni. Hakulitafuna wala hakulitema, akabaki shavu limevimba, anamtazama mwanawe.