Cherehani ya Pili ya Fundi Pindo

Nje ya chumba cha Fundi Pindo pana benchi lenye mguu mmoja uliofungwa waya, na mbele yake cherehani kuukuu aliyoachiwa na shangazi yake. Miaka minne haikushona hata kifungo; ilikuwa meza ya vikombe. Wakaaji wa benchi ni wale wale: Birika, muuza kahawa, Dalali, anayepangisha nyumba za watu na kuringa kama zake, na Shemasi, ambaye kanisani hubeba kapu la sadaka na kijiweni hubeba maoni. Jumatatu hiyo Pindo hakuwa na raha kwa sababu ya mahubiri ya jana. Mchungaji alisema Mkristo mwenye vitu viwili vya aina moja, kimoja si chake, kinamsubiri mwenyewe. Kanisa zima likageuka kumtazama Pindo. Kisha likamgeukia Mama Pacha, fundi wa mtaa wa pili, ambaye chumba chake kiliungua na cherehani yake ndani.

— Hata mke wangu aligeuka, Pindo alisema.

— Usijitese, fundi, alisema Dalali. Cherehani mbili si utajiri. Utajiri unaanzia tatu.

— Nani kasema?

— Akili tu. Ingekuwa mbili, si tungetoa kiatu kimoja kimoja? Na figo je?

Birika akadakia huku akimimina:

— Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Maana yake, shika kwa nguvu.

Shemasi alikohoa kama mtu aliyeitwa mimbarini.

— Mimi naona uipeleke kanisani. Tuiombee, tuandike jina lako kwa rangi ya mafuta, halafu kamati ikae imtafute mhitaji.

— Mhitaji si anajulikana? Pindo aliuliza.

— Anajulikana. Ila kamati haijakaa.

— Ni ile iliyokalia magodoro ya msaada? Birika akauliza. Mpaka leo imeyakalia.

Shemasi akaona kahawa yake ina moto, akaanza kuipuliza. Dalali akasogea mbele.

— Sikieni. Mungu anawapenda maskini, sivyo? Sasa ukimtoa mtu kwenye umaskini, umemshusha cheo. Fundi akimnyima yule mama, anamsaidia kufika mbinguni.

— Anamlipia nauli, alisema Birika. Basi wewe na kodi zako umeshasafirisha mtaa mzima.

Walicheka wote, isipokuwa Pindo. Hakuna aliyegusa panapouma. Mama Pacha alikuwa fundi kuliko yeye. Kola zake zililala shingoni kama zimezaliwa hapo. Tangu moto ule, wateja wake walihamia kwa Pindo, na nyumbani kwa Pindo watoto walikuwa wameanza kula mara tatu. Kumpa cherehani ni kuwashika wateja mkono na kuwarudisha kwake. Jana, alipofumba macho kuomba, alijikuta anamshukuru Mungu kwa ule moto. Akayafumbua haraka, kama mtu aliyekanyaga mwiba.

— Nikimpa, mimi nitashona nguo za nani? aliuliza.

— Ndiyo maana wakasema kutoa ni moyo, alisema Dalali. Na wa kwako umeshaanza kudunda vibaya. Usiuchokoze.

Hapo Mama Pacha akatokea, blauzi ya mteja begani. Alikuwa anaishona kwa mkono, na ncha za vidole vyake zilijaa vitobo.

— Hamjambo, kaka zangu.

— Hatujambo, dada. Karibu.

— Sindano yangu imevunjika. Nimekuja kuomba moja, fundi.

Pindo akampa. Wakati Mama Pacha anaichomeka kwenye blauzi, jicho lake la ufundi likatua pale penye vikombe.

— Hii bado inashona?

Dalali alimtazama Shemasi, Shemasi akakitazama kikombe. Miaka minne walibishana mbele ya mashine hiyo kuhusu wake zao, serikali na pepo, na hakuna aliyewahi kulizungusha gurudumu lake.

— Sijui, alisema Pindo.

— Nimeuliza tu, kaka.

Pindo alisimama. Kisha akaanza kuondoa vikombe, kimoja kimoja, na cha Dalali akakiondoa kikiwa nusu. Gurudumu lilikuwa limeganda. Akaleta kopo la mafuta, akapiga magoti.

— Kwa kuwa umeshapiga magoti, alisema Shemasi akivua kofia, tuombe.

— Natafuta skrubu, Shemasi.

Mafuta yalipoingia, gurudumu likalegea, lakini mkanda ukakatika. Pindo akaingia ndani, akavua mkanda wa cherehani yake mwenyewe, akaufunga hapo. Birika aliacha kumimina. Pindo akashika upande mmoja wa meza ya chuma ya cherehani, akamwambia Dalali ashike wa pili. Dalali akataja mgongo wake, hakuna aliyeuulizia.

Walipoifikisha mtaa wa pili, Mama Pacha alivuta ndoo, akakalia, akaweka blauzi, akakanyaga. Mshono ulitoka umenyooka kuliko wowote aliowahi kuupiga Pindo. Wivu ulimpanda, akaumeza.

— Mungu akubariki, kaka, alisema Mama Pacha, machozi yakimlenga. Akuongezee.

— Aniongezee wateja tu, alisema Pindo. Cherehani mbili zimenishinda.